Siku moja maishani mwangu: najifunza kroshia na watoto watatu ndani

Saa 11 alfajiri
Hii saa ni yangu peke yangu. Watoto bado wamelala, nawasha taa nakaa na sindano yangu ya kroshia ya milimita 5, ile moja yenye ndoano nchani, na uzi wa rangi ya maziwa. Na hapa niwaambie mnaoanza, chukueni uzi wa rangi nyeupe nyeupe hivi, unene wa kati, mweusi achaneni nao kwanza maana kwenye uzi mweusi huoni stichi zako, yaani vile vitanzi unavyovifunga kimoja kimoja, na kroshia mwanzoni kazi yote ni kuona sindano inaingia wapi.

Nafuma kofia ya kitindamimba. Inaanzia juu utosini, stichi 6 zimekaa duara, mzunguko wa pili kila stichi unaifuma mara mbili zinakuwa 12, wa tatu 18, wa nne 24, yaani kila mzunguko unaongeza 6 na duara linalala vizuri mezani. Ukizidisha linaanza kukunjamana pembeni, ukipunguza linainuka kama bakuli. Kuhesabu hivi kunataka utulivu ndo maana nafanya alfajiri, mchana nabakiza ile mizunguko ambayo mkono unakwenda wenyewe.

Saa 1 asubuhi
Sare, viatu, begi, soksi moja haionekani. Kroshia iko juu ya kabati. Tuendelee.

Saa 3
Wakubwa wameshaenda shule, nimebaki na mdogo wa mwaka na nusu na nguo za kufua. Kufuma na mtoto wa umri huu akiwa macho inawezekana ila lazima ujipange. Donge la uzi lote liko ndani ya mfuko wa kitambaa wenye kamba, mdomo nimeukaza, uzi unatokea kwenye upenyo mdogo tu, kwa hiyo hata akiuona hana donge la kukimbia nalo. Simwachii uzi mrefu achezee hata dakika moja, uzi unajizungusha kwenye kidole au shingo haraka sana na mtoto hajui kujitoa. Halafu wengi wanaweka pini kuonyesha mzunguko umeanzia wapi, mimi kwa sababu ya huyu anayetia kila kitu mdomoni nimeacha pini kabisa, nalaza kipande cha uzi mwekundu kati ya stichi, kila nikifika pale nakipitisha upande wa pili, kazi ni ile ile na hakuna cha kumezwa.

Nimepata nusu mzunguko kati ya ndoo ya kwanza na ya pili. Nusu mzunguko ni kitu!

Saa 6 mchana
Kalala. Nafungua video kwenye simu, leo nataka kuelewa patani, yale maelekezo ya kufuma yaliyoandikwa, maana ilinichanganya sana juzi. Kumbe majina ya stichi ya Marekani na ya Uingereza hayafanani, ile stichi fupi ambayo Wamarekani wanaiita single crochet, Waingereza wanaiita double crochet, jina hilo hilo la double kwa Mmarekani ni stichi nyingine ndefu zaidi. Ukifuata patani bila kujua imetoka upande gani kofia inakuja na urefu wa ajabu. Kwa hiyo kabla hujagusa uzi angalia juu ya patani wameandika ni majina ya upande gani, wasipoandika tafuta neno single, ukiliona ujue ni ya Marekani, Waingereza hawana stichi ya jina hilo.

Saa 9
Wamerudi na nyumba imejaa sauti. Binti wa miaka mitano anataka na yeye, sindano simpi bado, namfundisha cheni ya vidole, unafunga kitanzi, unaingiza vidole viwili unauvuta uzi upite katikati, unakaza kidogo, unarudia. Alikaa na ile cheni mpaka ikawa ndefu kuliko yeye, akaizungushia mdoli kiunoni, akaifumua akaanza tena. Nilifurahi jamani.

Mkubwa alikuwa na kazi ya shule ya jedwali la 6 na hataki. Nikamwita, baba njoo unihesabie mizunguko. Sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne, anagusa stichi kwa kidole, tukafika 48 akanyamaza kidogo akasema mama hii si ndo ile ya daftari? Ndo yenyewe mwanangu.

Saa 11 jioni
Nimeinuka kuangalia jiko, kurudi nakuta mdogo ameshika ncha ya uzi anavuta. Na hapa ndo sababu mimi nimeipenda kroshia kuliko kufuma kwa sindano mbili. Kule sindano imebeba vitanzi kibao kwa pamoja, ikichomoka kimoja kinaporomoka mpaka chini. Kwenye kroshia ya kawaida kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, vingine vyote vimeshafungwa, kwa hiyo alichofumua ni stichi chache za mwisho, nikaingiza sindano kwenye kitanzi kilichobaki nikaendelea. Mama anayeitwa kila dakika mbili anahitaji kazi inayokubali kukatizwa namna hii. Ukiitwa unakivuta kile kitanzi kiwe kikubwa kama kiganja, unaondoka, ukirudi unakaza.

Saa 1 usiku
Kula, kuoga, hadithi, kulala. Kwa mpangilio huo na kelele zake.

Saa 3 usiku
Mchana nilimpima mdogo kichwa kwa futi ya cherehani, kuzunguka ni sentimita 48. Ili kujua duara la juu liwe na upana gani unagawanya kwa 3.14, inakuja kama sentimita 15, na kofia inavutika kwa hiyo nitaishia 14 hivi. Sasa hivi nina mzunguko wa 8, stichi 48, upana sentimita 11. Kwa hiyo kesho alfajiri naongeza mizunguko miwili, nakuwa na stichi 60, napima tena, upana ukitosha naacha kuongeza nafuma stichi moja juu ya moja, kofia ianze kushuka kwenye masikio.