Kitambi, sukari na mbegu zangu: nilivyojipanga nikiwa barabarani

Kwetu mwanamume akiota kitambi huambiwa maisha yamemkubali, na mimba isipoingia anayehangaishwa ni mke. Mke wangu alipimwa mirija, mayai na homoni, akaonekana hana tatizo, na bado shangazi zangu walikuwa wakimnyooshea kidole yeye. Iliniuma sana. Daktari aliposema, "Kaka, sasa zamu yako," sikusita.

Mimi ni dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Tunduma. Kipimo cha manii kilionyesha mbegu milioni 9 kwa mililita, wakati kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni milioni 16. Zilizokuwa zinatembea zilikuwa asilimia 28. Zinatakiwa angalau 42. Daktari alichukua futi ya kamba akanizungushia kiunoni: sentimita 114. Kwa mwanamume, 94 tayari ni onyo. Halafu akanipiga picha ya kisogo kwa simu yangu nijionee. Chini ya nywele ngozi ilikuwa nyeusi, nene, yenye mikunjo, ile ambayo mke wangu alikuwa akiisugua kwa dodoki bila kutoka. Akasema hiyo mara nyingi ni dalili kwamba mwili umekuwa sugu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Kipimo cha wastani wa sukari kikasoma asilimia 6.2, na kisukari huanzia 6.5.

Alinieleza taratibu. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni, homoni ya kike. Estrojeni ikizidi, ubongo hupunguza homoni zinazoziamuru korodani zitengeneze mbegu. Insulini nayo, mwili usipoisikia, kongosho huimwaga kwa wingi zaidi, na ini hupunguza protini inayobeba testosteroni kwenye damu. Joto pia limo: korodani zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya mwili, na mimi nilishinda nimekaa juu ya injini, mapaja yamebanana.

Kuna rafiki wa mazoezini aliniambia nichome sindano za testosteroni, nitarudi kuwa kijana. Nilimuuliza daktari kwanza, na namshukuru Mungu niliuliza. Testosteroni ikitoka nje, ubongo huona ipo ya kutosha, unazima amri zake, na mbegu zinaweza kuisha kabisa. Kuna vijana wanaotafuta mtoto wanaochomwa sindano hizi bila kuambiwa hilo, na jambo hili linanikera mpaka leo.

Dawa yangu ikawa barabara ileile. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu niliacha, nikabeba dumu la maji. Chipsi mayai za usiku nazo basi. Kwa mama ntilie wa Makambako nilikuwa nasema, "Mama, nipunguzie ugali, niongezee maharage na mchicha," mwishowe akawa ananipakulia hivyo kabla sijafungua mdomo. Foleni ya mpakani Tunduma, ambayo zamani nilikuwa nailala ndani ya kabini, nikaigeuza uwanja: namwachia utingo gari, natembea kwa mwendo wa haraka hadi mwisho wa foleni na kurudi. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni chai. Sukari niliipunguza kijiko kwa kijiko.

Daktari alikataa kunipima tena mapema. Mbegu huchukua siku zipatazo 74 kutengenezwa, kisha zinahitaji muda wa kukomaa, kwa hiyo mabadiliko ya leo huonekana baada ya miezi kama mitatu. Nilipungua kutoka kilo 108 hadi 96. Kipimo kilichofuata kilisoma milioni 19, na zilizotembea zikapita nusu. Si kila mwanamume anayepungua hupata majibu kama haya, alinitahadharisha; wengine wana mishipa ya korodani iliyovimba au maambukizi, na hao wanahitaji matibabu yao.

Karatasi ile niliipeleka kwa shangazi zangu mwenyewe, mke wangu akiwa amekaa pembeni yangu, nikawasomea mstari kwa mstari. Shangazi mkubwa alimwomba radhi. Mimba iliingia miezi michache baadaye.