Mahandaki ya Kilosa

Baba mdogo alikuwa fundi wa njia kwenye Reli ya Kati, na kipande kilichomzeesha ni Kilosa hadi Gulwe. Mto Mkondoa ukifurika huzoa tuta, reli zikabaki zinaning'inia. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata njia kabisa.

Agosti 2024, treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ilipokuwa imeanza tu kufika Dodoma, nilisafiri naye kutoka Dar es Salaam. Tulipoingia handaki la kwanza alinishika mkono kwa nguvu. Mahandaki yako manne, jumla kama kilomita 2.6, na moja lina zaidi ya kilomita nzima ndani ya mlima. Huku juu Mkondoa haufiki.

"Hela katoa nani?" akauliza.

Kazi yangu ni mikopo, nikamweleza. Februari 2020 Serikali ilisaini mkopo wa dola bilioni 1.46, ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered, wa kujenga reli hii kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora, mbele ya Dodoma. Sehemu kubwa ilidhaminiwa na taasisi za udhamini wa mikopo za Denmark na Sweden.

"Denmark wana nini na milima ya Kilosa?"

Nikamwambia nchi hizo hudhamini ili makampuni yao yapate kuuza nje. Tukishindwa kulipa, taasisi inailipa benki, halafu inatugeukia sisi. Kwa kinga hiyo benki hukubali kukopesha kwa miaka mingi na kwa riba nafuu.

"Kwa hiyo anayelindwa ni benki."

"Ndiyo, Baba mdogo. Deni linabaki letu."

Nikamwambia pia ninaloliamini mpaka leo: riba, muda na masharti ya manunuzi ya mkopo kama huu yawekwe wazi, mwananchi ayasome kabla ya saini.

Hakupinga, ila hakuridhika. "Mwanangu, sisi tulimwaga mawe mtoni kila masika. Hela ile nani aliihesabu? Lipisheni mizigo. Nauli za abiria hazilipi mahandaki."

Alikuwa sahihi; wakati ule treni ya mizigo ilikuwa bado haijaanza. Tunapita Gulwe, yeye bado ananitajia mabehewa ya zamani ya kwenda Kigoma na Mwanza, yalibeba nini, na tani ngapi.