Siku moja maishani mwangu: fundi jigi wa Vingunguti

Saa 11 alfajiri. Gongo la Mboto makonda huamka kabla ya majogoo. Nikikosa daladala ya mapema, Barabara ya Nyerere itanila saa nzima, kwa hiyo chai yangu huwa nainywa karakana.

Watu wakiniuliza kazi yangu nawajibu "napiga kromu", ila hapo najipendelea. Anayepiga kromu, yaani kukipaka chuma tabaka la kromu kwa umeme ndani ya tangi la dawa, ni Mzee, bosi wangu. Mimi natengeneza kile kinachokishika chuma kikiwa ndani ya tangi. Sisi tunaita jigi. Kazi hii haina sifa: rodi ikitoka inang'aa, mteja anaisifia rodi, ikitoka na kovu, anatafutwa aliyetengeneza jigi.

Saa 1 na robo asubuhi. Shikamoo kwa Mzee, vitumbua viwili, chai ya rangi. Mezani kuna rodi ya haidroliki ya tipa la mchanga. Kipenyo ni milimita 50, sehemu ya kupigwa kromu ni sentimita 60. Kromu ya zamani tuliivua juzi, na jana ikasagwa mpaka ikawa laini. Mwenye tipa anaitaka leo jioni. Gari limelala siku ya nne na marejesho ya mkopo hayalali.

Saa 2. Hesabu kwanza, kwa chaki, palepale sakafuni. Pai mara kipenyo mara urefu: desimita za mraba 9.4. Tangi letu likiwa na joto la nyuzi 55 tunapitisha ampea 40 kwa kila desimita ya mraba, kwa hiyo ni kama ampea 377, na zote zitapita kwenye jigi yangu. Kwa kila milimita ya mraba ya shaba huwa siruhusu zaidi ya ampea moja na nusu hivi. Hapo nahitaji bapa la shaba la milimita 25 kwa 10, na ninalo, nililinunua kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu. Wanaoanza hii kazi hukunja nondo ikawa ndoano, halafu wanashangaa inachemka. Nondo haipitishi umeme kama shaba hata kidogo.

Saa 3 mpaka saa 5. Hapa ndipo siku yangu ilipo.

Kitu cha duara ni kisumbufu kukishika. Ukikibana kwa bapa mbili kinagusana nazo kwenye mistari miwili tu, myembamba kama uzi. Ampea mia tatu na ushee zikapite hapo? Patapata moto, patalegea, patatoa cheche. Yalinikuta mwaka jana. Bolti moja sikuikaza vizuri, na rodi ya watu ikatoka na mashimo shingoni kama imeliwa na mchwa. Tuliwanunulia nyingine, na mshahara wangu wa mwezi ule naukumbuka mpaka leo.

Kwa hiyo siku hizi nakereza. Rodi hii ina shingo laini ya milimita 38, juu kidogo ya meno ya kufungia nati. Nikachukua bonge la shaba, nikalitoboa tundu la 38 kamili, nikalipasua katikati kwa msumeno. Nusu mbili, bolti mbili, zinaikumbatia shingo mzunguko mzima. Nikapaka masizi ya mshumaa kwenye shingo, nikabana, nikafungua. Pale masizi yalipohamia kwenye shaba ndipo panapogusana. Mara ya kwanza yalihamia upande mmoja tu. Nikapiga msasa, nikarudia. Mara ya tatu ikakubali.

Saa 5. Kuziba. Kila kinachozama kwenye dawa na hakitakiwi kromu nakifunga tepu ya plastiki, kisha napaka nta juu: mkono wa jigi, meno ya nati, kila kitu. Shaba ikibaki uchi inajipaka kromu yenyewe na kula umeme wa rodi.

Ila kwenye ncha za rodi nafanya kinyume. Umeme hupenda kukimbilia kwenye kingo, kromu inarundikana pale mpaka ukingo unakuwa na mdomo kama wa chungu. Dawa yake ni pete ya waya tupu karibu na ukingo ili imeze ile ziada. Tunaiita mwizi. Mtaani mwizi anakimbizwa, hapa nimempa ajira.

Chini nimeweka kifuniko cha bomba la PVC nilichokitoboa katikati, rodi isimame wima katikati ya mabomba ya madini ya risasi yaliyoizunguka kupitisha umeme. Ikiegemea upande mmoja, upande huo utanenepa. Kifuniko nacho nimekitoboa vitundu pembeni dawa ichuruzike kurudi tangini, maana kikitoka kimejaa kama kikombe tunapoteza dawa na kuchafua maji ya kusuuzia.

Saa 7 wali maharage kwa mama ntilie, dakika kumi.

Saa 8 mchana. Tumeisugua rodi, tumeimwagia maji. Maji yakatanda bila kugawanyika matone, basi mafuta yameisha. Ikazama, tukaiacha ipate joto la tangi, Mzee akageuza mwelekeo wa umeme kwa sekunde chache ili dawa ikiume chuma kidogo na kromu ipate kushika, kisha akaurudisha na kuupandisha taratibu. Mimi na mita yangu nikapima volti zinazopotea kati ya jigi na shingo. Karibu sifuri. Nikapumua.

Sehemu kubwa ya umeme huo haitengenezi kromu, inatengeneza povu la haidrojeni, na povu linarusha ukungu. Ukungu huo una kromu ya aina inayosababisha saratani. Dogo wetu akashusha barakoa apokee simu. "Kaka, ni dakika moja tu." Nikamtoa nje na simu yake.

Kwa mkondo huu tunapata mikroni 25 hivi kwa saa (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Tunazitaka 50, kwa hiyo saa mbili za kuomba umeme usikatike. Ukikatika katikati, ukirudi huwezi kuendelea tu, tabaka jipya litabanduka juu ya lile la kwanza.

Haukukatika.

Saa 10 na dakika kumi. Tumesuuza, Mzee kashika mikromita. Kipenyo juu ni milimita 50.02. Katikati 50.02. Chini 50.03. Akaniangalia bila kusema neno. Mwizi wa chini nilimweka mbali, najua. Kung'arisha kutaondoa hiyo sehemu moja ya mia ya milimita, lakini amekwisha kuniangalia.

Mwenye tipa alifika saa 11, akajitazama meno kwenye rodi, akalipa. Nikabaki nabandua tepu. Jigi nikaisuuza, nikaitundika ukutani na kuiandika 38 kwa rangi nyeupe. Chini yake nikaongeza: mwizi asogezwe.