Kibaya Chajitembeza: Hesabu za Filamu za Kulipua za Marekani

Katika Plan 9 from Outer Space gari la polisi linakimbilia makaburini jua likiwaka, na polisi wakishuka tayari ni usiku. Picha ya pili kumekucha tena, kisha giza. Watazamaji hucheka hapo na kusema mwongozaji wake, Ed Wood, hakujua kazi. Jibu hilo ni jepesi mno. Ukitaka kuzielewa filamu hizi za kulipua, yaani za bei chee, za Marekani, zile za miaka ya 1930 hadi ya 1960 zilizouzwa kwa zimwi, damu au jambo la aibu, anza na swali la mhasibu: hapa pesa iliishia wapi?

Chukua usiku wenyewe. Kupiga picha nje usiku kunataka taa kubwa, jenereta, mafundi na malipo ya saa za ziada. Njia ya mkato ni kupiga mchana na kuusingizia usiku. Unafunga tundu la lenzi kwa hatua mbili hivi ili mwanga uingie kidogo. Kama ukanda ni wa rangi nyeusi na nyeupe, unaweka kichujio chekundu mbele ya lenzi, nacho hulifanya anga la buluu litoke karibu jeusi. Jua linakaa nyuma ya waigizaji, na anga lionekane kidogo iwezekanavyo. Maabara nayo inaweza kukoleza giza wakati wa kuchapa nakala. Ruka hatua moja tu, na usiku wako unakuwa alasiri ya mawingu. Kichujio hichohicho hupausha ngozi na midomo, kwa hiyo mpambaji asiyejua huwatoa waigizaji kama maiti (kwa filamu ya wafufuka makaburini hiyo si hasara). Hata ukifanya kila kitu sawasawa, ukiibandika picha hiyo kando ya makaburi ya studio yenye pazia jeusi nyuma, ambapo giza ni giza kweli, macho hayadanganyiki.

Gharama isiyokwepeka ilikuwa ukanda wa filamu. Ukanda wa milimita 35 hupita kwenye kamera futi 90 kila dakika. Futi 1,000 zinakwisha kwa dakika 11. Ukirudia kila tukio mara nne, filamu ya dakika 70 inakula futi 25,200, na bado hujalipa maabara. Mwongozaji wa bajeti finyu hupiga mara moja, na kama hakuna aliyeanguka wanasonga mbele. Ukuta wa seti ukitikisika mlango unapofungwa, unaachwa utikisike. Wengine walinunua mabaki ya kanda kutoka studio kubwa, vipande vya dakika moja au mbili. Kwa kuwa havikutoka kwenye toleo moja, weusi na weupe wake haukulingana, na ndani ya mazungumzo yaleyale uso mmoja unaonekana mweupe kuliko mwenzake.

Baada ya ukanda, mwizi mkubwa ni muda, na kinachokula muda si uigizaji bali kuhamisha taa. Kila kamera ikigeuzwa upande mwingine, chumba kizima kinawashwa upya. Ndiyo sababu ya zile dakika tano za watu wawili mezani, kamera imesimama mbali, hakuna anayekaribiwa. Mwigizaji akijikwaa kwenye neno, mhariri hana picha nyingine ya kukimbilia.

Mwongozaji Roger Corman aliijua hesabu hiyo kuliko wote. The Little Shop of Horrors ya 1960 inasifiwa kwa kupigwa siku mbili na usiku mmoja, na wengi huishia kwenye sifa hiyo. Cha kujifunza ni namna alivyopanga. Seti ilikuwa ya filamu nyingine, bado haijabomolewa. Mazoezi yalifanywa kabla, wakati ukanda hauliwi. Kisha zikawekwa kamera mbili kwa pamoja, kama kwenye televisheni, ili taa zikiwashwa mara moja upate pande mbili. Picha za nje za barabarani zilipigwa kando, na kikosi kidogo. Huyo hakulipua kazi. Alihamisha gharama kutoka kwenye kamera kwenda kwenye maandalizi, ambako ni nafuu.

Sauti ndiyo iliyowaumbua wengi. Kurekodi pamoja na picha kunataka kamera isiyopiga kelele, fundi, maikrofoni na mahali tulivu. Katika The Beast of Yucca Flats ya 1961, Coleman Francis alipiga bila sauti kabisa na kuiongeza baadaye. Angalia midomo: watu huongea wakiwa wamegeuka, wako mbali, au wako nje ya fremu, kwa sababu mdomo usioonekana hauhitaji kulinganishwa na neno. Mapengo yanajazwa na msimuliaji, mwenye sentensi fupi zinazodondoka kama telegramu.

Manos: The Hands of Fate ya 1966 ina ugonjwa huohuo, lakini vibaya zaidi. Harold P. Warren, muuza mbolea wa El Paso, Texas, aliitengeneza kwa dola 19,000 hivi akitumia kamera ya milimita 16 ya kutia ufunguo kama saa ya mezani. Ukiitia hadi mwisho inakimbia sekunde 32, basi. Kila ambacho hakikwisha ndani ya sekunde hizo kilibidi kikatwe. Sauti zote ziliwekwa baadaye na watu wachache, mtoto wa kike akipewa sauti ya mtu mzima. Kuna tukio la usiku ambapo polisi wanasikia mlio wa bunduki, wanatoka garini, wanapiga hatua chache, wanatazama gizani na kurudi. Si uvivu wa polisi, ni mwanga wa taa uliofika pale tu. Na wale nondo wanaopeperuka mbele ya nyuso waliitwa na taa hizohizo.

Kwa mazimwi sitakawia, maana hayo ndiyo watu wote huyasimulia. Robot Monster ya 1953 ilihitaji roboti. Vazi la roboti lilikuwa ghali. Mwigizaji George Barrows alikuwa na vazi lake mwenyewe la sokwe. Likaongezwa kofia kubwa kama ya mzamiaji, mambo yakaisha. Ilipigwa kwa siku nne, sehemu kubwa katika Bronson Canyon, machimbo yaliyo ndani ya Los Angeles ambayo yamekuwa sayari ngeni kwa filamu nyingi kwa kuwa ni karibu na studio. Muziki ni wa Elmer Bernstein, na ni mzuri kuliko filamu inavyostahili. Mashine ya mapovu ya sabuni imetajwa kwa heshima kwenye orodha ya waliohusika.

Mwigizaji Bela Lugosi alifariki Agosti 1956, akiwa amemwachia Ed Wood dakika chache tu za picha zisizo na sauti. Plan 9 ikajengwa juu ya dakika hizo, na zilizobaki zikachezwa na tabibu wa mifupa wa mke wa Wood, mrefu kuliko marehemu, joho likiwa limefunika uso hadi machoni. Sehemu ya fedha ilitoka kwa waumini wa kanisa la Kibaptisti.

Lakini tunatazama upande mmoja tu wa daftari. Pesa iliyokosekana kwenye kamera mara nyingi ilikwenda kwenye kuuza, na hapa msemo wa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza unakuwa maelezo ya kazi. Tangu 1934 filamu za studio kubwa zilihitaji muhuri wa ofisi ya Joseph Breen, iliyokagua maadili ya filamu kwa niaba ya chama cha studio hizo, na mwanachama wa chama aliyetoa au kuonyesha filamu bila muhuri alikabiliwa na faini ya dola 25,000. Ujauzito wa msichana, kaswende, bangi, uzazi: hayo yote yakabaki bila mwenyewe, na watu wa nje ya studio wakayaokota. Walikodi ukumbi kwa bei moja, mapato yote ya mlangoni yakawa yao. Filamu ilifunguliwa kwa maandishi mazito yakidai kwamba lengo ni kuelimisha umma. Wengine walibeba nakala mbili, ya moto na ya baridi, wakachagua kulingana na ukali wa polisi wa mji.

Bingwa wao alikuwa Kroger Babb, na filamu yake Mom and Dad ya 1945. Wiki kadhaa kabla, mtu wake alifika mjini na kuujaza matangazo na barua. Wanawake waliingia saa zao na wanaume zao, jambo lililoonekana kama staha huku likichochea hamu. Katikati, filamu ilisimamishwa. Akapanda jukwaani “mtaalamu” aitwaye Elliot Forbes, jina la kubuni lililovaliwa na wahadhiri kadhaa kwa wakati mmoja katika miji tofauti, wauguzi wakiwa tayari kwa watakaozirai. Baada ya hotuba vikauzwa vitabu viwili, cha wanaume na cha wanawake, dola moja kila kimoja, wakati kukichapa kuligharimu senti 8 hivi. Angalia mpangilio: picha za kujifungua, ambazo ndizo zilizowaleta watu, ziliwekwa baada ya mauzo ya vitabu. Hakuna aliyeondoka mapema. Filamu yenyewe ni kavu na ya kuchosha, na haikuhitaji kuwa vinginevyo. Mwaka 2005 iliingizwa katika hifadhi ya filamu ya taifa la Marekani.

James Nicholson na Samuel Arkoff, walioanzisha kampuni yao mwaka 1954, walikwenda mbele zaidi: jina kwanza, bango la pili, skripti baadaye. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. The Beast with a Million Eyes ya 1955 ilikuwa na bango la kutisha na haikuwa na zimwi. Waonyeshaji walipolalamika, mtengeneza mazimwi Paul Blaisdell akaunda kikaragosi cha dola 200 hivi. Akili yao ya biashara, hata hivyo, ilikuwa kwenye jozi. Filamu ya pili katika onyesho ilikodishwa kwa ada isiyobadilika, hata ukumbi ufurike. Wakaziunganisha zao wenyewe, filamu mbili za bei chee katika onyesho moja, wakadai asilimia ya mapato yote. Viwanja vya sinema za kutazamwa garini, ambavyo kufikia 1958 vilizidi 4,000, vilihitaji jozi kama hizo kila wiki.

Damu nayo ina hesabu yake. Kwenye nyeusi na nyeupe shira ya chokoleti inatosha: nzito, nyeusi, rahisi. Rangi ilipokuja, mwongozaji Herschell Gordon Lewis alikuta damu ya jukwaani inatoka zambarau. Kwa Blood Feast ya 1963, iliyogharimu dola 24,500 hivi, akaagiza iliyotengenezwa juu ya dawa ya kuzuia kuharisha, nzito kiasi cha kung’ang’ania na isiyomdhuru mwigizaji ikiingia mdomoni. Ni nyekundu mno, kwa macho yangu, lakini ndiyo iliyokuwa kwenye bango.

Leo nyingi ya filamu hizi ni bure kutazamwa, na hilo pia lilitokana na uzembe wa karatasi. Sheria ya wakati huo ilitaka tangazo la hakimiliki liwe kwenye nakala, na haki ihuishwe baada ya miaka 28. Night of the Living Dead ya 1968 ilibadilishwa jina dakika za mwisho, na tangazo likaondoka pamoja na jina la zamani. Kwa sababu yeyote anaweza kuzitoa, nakala nyingi ni mbovu. Tafuta iliyochukuliwa kutoka ukanda wa milimita 35, si ya televisheni.

Kuna jambo la kuangalia kabla ya kucheka maikrofoni inayoning’inia juu ya fremu. Kuanzia 1953 kumbi za Marekani zilihamia picha pana, lakini kamera nyingi ziliendelea kupiga fremu ndefu, projekta ikiziba juu na chini. Nakala za televisheni zilionyesha yote, pamoja na sehemu ambazo mwongozaji alijua hazitaonekana. Ukiwa na nakala ya umbo la televisheni ya zamani ya filamu iliyopigwa baada ya mwaka huo, ziba asilimia 13 hivi ya urefu wa picha juu, na 13 hivi chini. Mara nyingi maikrofoni inatoweka, vichwa vinakaa mahali pake, na nyaya za chombo cha anga za mbali zinabaki palepale.