Kikundi chetu cha Jumatano

Ukitaja ushirika wa wanafunzi Wakristo chuoni, wengi hufikiria ibada kubwa: ukumbi umejaa, vipaza sauti, nyimbo za sifa. Naipenda ibada hiyo. Ila kwangu mimi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupata ndugu kwenye kikundi kidogo cha kujifunza Biblia. Ukumbini anaweza kuingia na kutoka muhula mzima bila mtu kumjua jina.

Sisi hukutana Jumatano jioni chumbani kwa mmoja wetu, wengine kitandani, wengine sakafuni. Juzi tulisoma Marko 2, habari za mgonjwa aliyepooza akashushwa kupitia darini. Dada mmoja wa uhandisi, ambaye huwa hasemi kitu, akauliza, “Yesu aliona imani ya nani? Ya mgonjwa au ya waliombeba?” Tukarudi wote kwenye mstari wa 5 na kuusoma tena polepole. Baadaye akatuambia amechoka, na kwamba kuomba kumemshinda. Tukamwombea palepale.

Mwaka 1806 wanafunzi watano wa Williams College, Marekani, walikuwa wakiomba nje mvua ikawakuta, wakajikinga penye rundo la nyasi kavu. Umisionari wa Wamarekani ng’ambo unahesabu chimbuko lake pale. Watano tu!

Wiki za mitihani hatuahirishi. Tunafupisha: zaburi moja, kila mtu anataja mtihani wake, tunaombeana kwa majina, kisha vitabuni. Jumatano ijayo yule dada ndiye anayeongoza Marko 3.