Nissan Silvia S15 kuzima ukiachia mafuta: jinsi nilivyotatua

Injini ni SR20DET, yenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini). Dalili: ukivuta kwa nguvu kisha ukaachia mafuta kuingia kipilefti cha Impala, Arusha, gari inakohoa, inatoa moshi mweusi, inazima. Plagi mpya hazikusaidia, wala kusafisha valvu ya sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, si ile ya ekzosi). Mwinuko wa Arusha, takribani mita 1,400, unasingiziwa tu.

Chanzo ni valvu ya kupumulia tabo iliyofungwa Japani, ile inayotoa hewa nje kwa mlio. Sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini imeshaipima hewa hiyo na kompyuta imeshatoa petroli yake. Hewa ikitupwa, petroli inazidi.

Nunua valvu yenye mdomo wa kurudisha hewa. Chomelea kidomo cha aluminiamu kwenye bomba kati ya sensa na tabo, unganisha kwa mpira mgumu wa silikoni (wangu milimita 25), kaza klipu pande zote.

Siri iko kwenye pembe: kidomo kilale kuelekea tabo, mbali na sensa kadiri nafasi inavyoruhusu. Kikielekea sensa, hewa inapuliza kinyume, inapimwa tena, na gari itaendelea kuzima. Mlio unapungua, lakini sailensa inatulia kabisa.