Ukuta wa duka la baba

Oktoba 14, 2023, Australia ilipiga kura kuamua kama wenyeji wa asili wa nchi, yaani Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait, wapewe chombo cha kulishauri Bunge, kitajwe ndani ya katiba. Majimbo yote sita yalikataa. Baba alipiga kura ya ndiyo, na matokeo yalimuuma kama mtu aliyefiwa. Yeye alikimbia kutoka Bukavu, Kongo. Kupoteza mahali pako anakujua. "Katiba imewashinda," alisema kesho yake tukitoa mikate tanurini. "Ukuta wa duka je? Huo ni wetu."

Ndipo tukamtafuta mchoraji wa Wakaurna, Waaborijini wa huku, kwa kuwa Salisbury hii, kaskazini mwa Adelaide, ni ardhi yao. Watu wake walimwita Shangazi kwa heshima, nasi tukamwita hivyo hivyo. Mama akamtengea chai na maandazi, akamweleza alichokitaka: kangaruu mkubwa, na nukta nyingi nyekundu na za manjano.

Shangazi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema nukta zile ni za watu wa jangwani, yeye hana ruhusa nazo. Akatusimulia ya Papunya, makazi ya Waaborijini jangwani katikati ya Australia, mwaka 1971, wanaume wa huko walivyochora sisimizi wa asali, masimulizi yao matakatifu, kwenye ukuta wa shule. Kazi ile ilifungua njia kwa michoro inayouzwa leo dunia nzima. Lakini ukuta wenyewe ulikuja kupakwa rangi, mchoro ukapotea.

"Mkiuza duka," akamwuliza baba, "mchoro wangu utakuwaje?"

Baba akanyamaza. Akamtuma mdogo wangu karatasi. Makubaliano yakaandikwa pale pale kaunta, huku wateja wakiingia na kutoka: bei ni aliyoitaja mwenyewe, nusu kabla hajagusa brashi, hakimiliki ni yake, na yeyote atakayetaka kuupaka ukuta rangi, leo au miaka ijayo, amwite kwanza. Siku ya uzinduzi zilikuwepo hotuba nzuri na keki, ila mimi maridhiano niliyaona siku ile ya karatasi, baba alipomsomea mstari kwa mstari, akifuta kila alipoambiwa afute.

Shangazi alichora mto Little Para na mikaratusi yake mikubwa. Kwetu Bukavu mikaratusi ni miti ya kupandwa, imeletwa. Kwao ni hapa. Baba alisimama mbele ya ile picha muda mrefu, akigusa magome kwa kiganja.

Baadaye mama akatamani mchoro uwe pia kwenye mifuko ya mikate. Picha yake alikuwa nayo kwenye simu, na mchapaji yuko mtaa wa pili. Alimpigia Shangazi kwanza. Wakakaa tena, wakapatana bei nyingine, wakatia sahihi karatasi nyingine. Mifuko ikatoka na mto, na jina la mchoraji chini yake kwa herufi kubwa kuliko za duka letu, maana hivyo ndivyo mama alivyomwagiza mchapaji.